Kibanda cha Mama Murugi Ndani ya Gemu

Kengele ya shule ikilia alasiri, Nadhira alikuwa na ratiba ambayo hakuna mwalimu aliyeiandika. Kwanza nyumbani, kuvua sare. Kisha kwenye kibanda cha mboga cha Mama Murugi, kuuliza nani amehama, nani amejifungua na nani amenuniana na nani, huku akitafuna karoti ya bure. Mwisho kwa Hamdan, kwenye gemu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mtaa wote wa Majengo ulijua kwamba ukitaka habari ifike msikitini kabla chai haijachemka, umwambie Nadhira.

Gemu ya Hamdan ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake, Bi Subira. Palikuwa na runinga tatu, viti vya plastiki, pazia zito la kuzuia baridi ya Nyeri, na sheria mbili ukutani: hakuna sare, hakuna matusi. Mlangoni alikaa Bi Subira mwenyewe na karai lake la viazi, mdomo wake mkali kuliko pilipili aliyowapakia wateja.

Mchezo uliopendwa hapo ulikuwa na jina refu la kigeni, lakini wao waliuita Mwendo wa Paka. Shujaa wake, Paka, hunyata gizani, hujibana nyuma ya mapipa, hupita walinzi wenye silaha bila hata mmoja kumwona. Akionekana, basi, unaanza upya. Watoto waliucheza wakiwa wameshika pumzi. Toleo la tatu liliwaudhi kwa sababu Paka alipewa bunduki. Sasa la nne lilikuwa njiani, na Hamdan alitundika ubao ili kila mtu aandike kwa chaki anachotarajia.

Weee! Ubao ule ulileta ugomvi mwingi kuliko kura.

"Asipewe bunduki tena," aliandika Mutahi, mvulana wa miaka kumi na minne ambaye sauti yake ilifika kabla yake. Akapiga mstari mara tatu. "Paka mwenye bunduki ni polisi tu."

Nderitu, aliyehamia kwa shangazi yake kutoka Endarasha, aliandika kwamba walinzi wawe na mbwa. Murugi, binti wa mwenye kibanda na rafiki wa Nadhira, akaandika: "Paka awe msichana."

"Msichana?" Mutahi aliangua kicheko. "Msichana atanyamaza dakika ngapi? Huyu Nadhira wenu angekamatwa mlangoni, akiuliza walinzi habari za nyumbani!"

Chumba kizima kilicheka. Hata Murugi aliuma midomo. Nadhira alihisi masikio yakiwaka moto.

Jumapili iliyopita binamu yake Safa, anayeishi Kutus, alikuwa amemwonyesha kwenye simu picha moja ya toleo jipya: mlima, ukungu, na vibanda kando ya barabara. Safa alisema, "Ebu ona, si inafanana na kwenu?" Basi. Ni hilo tu.

"Wewe Mutahi unajua nini?" Nadhira alisema, akisimama juu ya kiti. "Toleo la nne ni la hapa Nyeri. Paka ananyata sokoni kwetu. Nimeona kwa macho yangu."

"Apa!" alisema Mutahi.

"Wallahi!"

Chumba kikanyamaza. Mlangoni, Bi Subira aliacha kugeuza viazi.

"Nadhira, mwanangu," alisema, "neno hilo halitupwi ovyo kama ganda la ndizi. Una hakika?"

Hapo mlango wa kurudi nyuma ulikuwa wazi bado. Angeweza kusema, "Inafanana tu, Bi." Lakini Mutahi alikuwa anamtazama, na safari hii hakuwa anacheka.

"Nina hakika," alisema.

"Basi ni kweli," Mutahi aliwaambia wenzake kwa sauti ya chini. "Mtu wa Majengo akisema wallahi, amesema. Hata babangu husema hivyo."

Kuanzia siku hiyo, Nadhira aliketi kiti cha mbele bila kupanga foleni. Kila jioni walimtaka aongeze kidogo, naye aliongeza. Jumatatu aliongeza kituo cha matatu. Jumanne, mnara wa msikiti. Jumatano hakuhitaji hata kuongeza, maana wengine walikuwa wameanza kumsaidia. Nderitu alikumbuka wageni waliopiga picha zizi la mjomba wake. Mtu mwingine akakumbuka wageni wawili wenye kamera kubwa, waliosimama mbele ya kibanda cha Mama Murugi wakielekea mlimani.

"Kumbe ndiyo sababu!" Mama Murugi alishika kiuno. "Nikashangaa, mtu mzima anapiga picha sukuma wiki ya nini?"

Kufikia Ijumaa alikuwa akiwaambia wateja wote kwamba kibanda chake kimo ndani ya gemu. Nadhira alimsikia. Akamalizia karoti yake ya bure, akaondoka haraka.

Mtu mmoja hakufurahia. Mzee Muhammad, mzee wa nyumba kumi, alikuwa akitafuta sababu ya kuifunga gemu tangu ilipofunguliwa. "Hamdan anafundisha watoto kunyata," alilalamika. "Leo wananyata kwenye runinga, kesho kwenye madirisha yetu." Hamdan alimwomba aje Jumamosi ajionee mwenyewe. Mzee alikubali, lakini kwa sharti: "Nikiona fujo hata moja, nafunga."

Jumamosi, baada ya sala ya adhuhuri, chumba kilifurika, kila mtoto akiwa amelipa kiingilio. Waliokosa viti walikaa sakafuni, waliokosa sakafu walisimama dirishani. Mama Murugi, ambaye hufunga kibanda siku za mazishi tu, alikuwa amekifunga. Alikuja na kitambaa kipya cha kichwa na akawekwa mbele kabisa. Mzee Muhammad alisimama mlangoni na bakora yake. Hamdan alifungua kasha jipya mbele ya wote, akatia diski.

Picha ikatokea. Theluji. Bandari yenye meli za chuma. Mabango yenye herufi ambazo hakuna aliyezijua.

"Huko ni wapi?" aliuliza Nderitu.

"Ngojeni, inakuja," alisema Mutahi, akishika pedi ya kuchezea.

Alicheza hatua ya kwanza, kisha ya pili. Mwishoni mwa hatua ya pili mlima ukatokea, na ukungu, na vibanda. Mama Murugi akainuka kitini. Lakini mlima ulikuwa wa nchi ile ya theluji, na vibandani waliuza samaki wakavu.

"Sukuma wiki yangu iko wapi?" aliuliza Mama Murugi.

Kisha dirishani mtu akazomea, na wengine wakaitikia. Mutahi alitupa pedi mezani.

"Hii ni feki!" alifoka. "Hamdan ametuletea feki!"

"Mutahi, umeona nikifungua kasha," alisema Hamdan. "Hii ndiyo yenyewe."

"Yenyewe iko na Nyeri! Kila mtu anajua! Ati umeona sisi ni wajinga?"

"Umekula pesa zetu!" mwingine akadakia. "Mwizi!"

Neno hilo, katika mji wetu, halihitaji kusemwa mara mbili. Lilitoka dirishani likaingia njiani, na watu wazima waliokuwa wakipita, ambao hawakujua habari za Paka wala panya, wakaanza kusogea. "Mwizi nani? Yuko wapi?" Kiti kikapinduka. Mtu akamshika Hamdan ukosi wa shati. Bi Subira aliacha karai lake akajipenyeza kwa viwiko hadi mbele ya mwanawe.

"Nani anamshika mtoto wangu? Ajitokeze nimwone uso!"

"Nimesema mimi!" Mzee Muhammad aligonga bakora mlangoni. "Nimesema siku zote! Mahali hapa pamefungwa leo! Hamdan, zima mashine zako, na hiyo feki yako nitaipeleka kwa chifu!"

Nadhira alikuwa amejibana nyuma ya pazia. Hakuna aliyekuwa anamtazama. Angeweza kutoka kwa mlango wa nyuma, polepole, na Jumatatu angekuja kuuliza kilichotokea kama kila mtu. Alipiga hatua moja, ya pili. Akamwona Hamdan katikati ya mikono ile. Hamdan hakuwa anapigana. Alikuwa anarudia neno moja tu: "Ulizeni. Jamani, ulizeni kwanza."

Nadhira alirudi, akapanda juu ya kiti kile kile.

"Si feki!" alipiga kelele. "Ni mimi! Mimi ndiye niliyedanganya!"

Ilibidi arudie mara tatu. Kelele ilipungua kutoka mbele kwenda nyuma, hadi watu wa njiani.

"Hakuna Nyeri," alisema. "Haikuwepo hata siku moja. Niliona picha ya mlima kwa simu ya binamu yangu. Akasema inafanana na kwetu. Mimi nikasema ni kwetu. Kaka Hamdan hana kosa. Mwacheni."

Aliyemshika Hamdan ukosi akaachilia, akajifanya anatengeneza saa yake. Lakini hasira ya watu haipotei hivi hivi. Hutafuta mwingine wa kumwangukia.

"Na msikiti je?" aliuliza Nderitu.

"Niliongeza."

"Na kituo cha matatu?"

"Niliongeza pia."

"Mwongo mkubwa!" walimpigia kelele. "Shuka hapo! Mdomo kama redio!"

Mutahi hakupiga kelele. Alimkaribia akasema polepole, na hilo lilimuuma zaidi: "Nilikuamini kwa sababu uliapa. Niliwaambia hata wa nyumbani. Usiniongeleshe tena."

Mama Murugi alikuwa bado amesimama mbele ya runinga. Alivua kile kitambaa kipya taratibu, akakikunja mara nne, akakitia mfukoni mwa aproni.

"Nimefunga biashara Jumamosi," alisema. "Twende, Murugi."

Murugi alimpita Nadhira bila kumtazama.

Watu walipotawanyika, walibaki Hamdan, Bi Subira, Mzee Muhammad, Nadhira, na Mutahi aliyekuwa ameitwa arudi kwa kidole kimoja cha Bi Subira. Na kidole kile, ndugu yangu, hakikataliki.

"Mzee," alisema Bi Subira, "fujo umeiona. Aliyeileta umemsikia. Utamfunga nani?"

Mzee Muhammad alikohoa. Aliitazama runinga, ambapo Paka alikuwa amechutama nyuma ya pipa, akimsubiri mtu ambaye hakuwepo.

"Mashine zibaki," alisema mwishowe, kama mtu anayemeza dawa chungu. "Lakini sijasahau." Akaondoka bila kuaga.

Bi Subira aliketi. "Mutahi, ulisema feki. Ulijuaje?"

"Kila mtu alikuwa anasema—"

"Sikukuuliza kila mtu. Ulijuaje?"

Mutahi alitazama viatu vyake. "Sikujua."

"Mwambie mwenye jina ulilolichafua."

"Pole, Kaka Hamdan," alisema Mutahi. "Nilikosea sana."

Hamdan aliitikia kwa kichwa, akasogeza ubao karibu. Shati lake lilikuwa limepoteza vifungo viwili. "Hebu someni," alisema. "Asipewe bunduki. Umecheza hatua mbili, umeona bunduki?"

Mutahi alifikiri. "La."

"Mbwa wapo?"

"Wapo. Mmoja amenikamata."

"Mengi mliyoyaomba yamo. Mchezo mzuri umekaa mbele yenu na hakuna aliyeuona, kwa sababu mlikuwa mnatafuta Nyeri."

Nadhira alianza kulia. "Bi Subira, nitatubu."

"Toba ni kati yako na Mola wako, hapo siingii," alisema Bi Subira. "Lakini uliowaambia wako hapa Majengo, na miguu unayo. Ulipeleka uongo nyumba kwa nyumba. Utapeleka ukweli nyumba hizo hizo. Na uanze na yule aliyefunga kibanda."

Ilimchukua siku nne. Wengine walimfungia mlango usoni. Shangazi yake Nderitu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia asirudi. Kwa Mama Murugi alikwenda mara tatu. Mara mbili za kwanza mama yule aliendelea kukata sukuma wiki kana kwamba aliyesimama mbele yake ni upepo. Mara ya tatu alisema bila kuinua macho: "Unajua kilichoniuma? Si gemu. Mimi gemu siijui. Ni kwamba kwa wiki moja niliamka nikijiona mtu." Akasukuma kisu na fungu la mboga upande wa Nadhira. "Kata hizo. Kata nyembamba." Karoti hakumpa.

Jumatano Nadhira alirudi kwa Hamdan, akasimama mwisho wa foleni. Hakuna aliyempa nafasi. Mutahi alikuwa akicheza. Baada ya muda mrefu alisema, macho yakiwa kwenye runinga: "Wanasema kuna hatua ya siri. Wewe umesikia?"

Nadhira alifungua mdomo. Safa alikuwa amempigia simu asubuhi kumwambia habari hiyo hiyo. Watu wote walimgeukia, kimya, kama zamani.

"Nimesikia," alisema. "Sijaona."

"Basi andika hivyo," alisema Mutahi, akimrushia chaki. Hakutabasamu.

Bi Subira alikuwa amesikia yote kutoka mlangoni. Alimwita Nadhira, akamwekea kiazi kimoja cha moto kwenye gazeti.

"Sikia, mwanangu. Uongo nao hunyata kama huyo Paka wenu. Unajua kwa nini wako ulipita walinzi wote, hadi mimi mwenyewe niliyekuuliza una hakika? Kwa sababu kila mtu hapa alitamani uwe kweli. Jambo ambalo watu wanalitamani ndilo la kuchunga zaidi unapolisema, na ndilo la kuuliza mara mbili unapoambiwa. Ukisema uliloliona tu, huenda wasikupe kiti cha mbele. Lakini siku ukisema wallahi, watu watanyamaza wasikilize. Sasa kula, kabla hakijapoa."