Balbu Mpya za Tisa

Wewe unayechekea puani huko nyuma, nimekuona. Cheka sasa umalize, maana nikianza sirudii. Na usiniulize nani kaniambia. Kila anayevuka barabara ili asipite karibu na ile gereji anaijua habari hii, ila wao wanaona aibu kuisema. Mimi aibu ilinitoka pamoja na meno.

Palikuwa na dereva ambaye mtaa mzima ulimwita Tisa. Kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto kililiwa na mkanda wa feni angali kijana, na watu walivyo hawana haya, wakahesabu vilivyobaki wakampa jina. Mkewe alikuwa mshonaji. Walikuwa na gari moja kuukuu, na kwa gari hilo Tisa aliwapeleka wauguzi zamu ya jioni na kuwarudisha makwao.

Siku zile macho yake yalikuwa yameanza kumtupa. Yeye alizilaumu taa.

"Njano kama chai ya jana," alisema. "Nani ataona na taa hizi?"

"Mimi naona," mkewe akamjibu.

"Wewe unaendesha cherehani."

Mshonaji alijua. Mara mbili alimkuta akikipapasa kikombe kilichokuwa mbele yake mchana kweupe. Alijua pia kwamba watu wakigundua, gari litasimama, na Tisa bila usukani angekaa kibarazani mpaka afe amekaa. Kwa hiyo alinyamaza, akamwacha alaumu taa.

Tisa akanunua balbu mbili mpya, za mwanga mweupe, zenye nguvu kuliko za zamani. Muuza vipuri akamwonya asikiguse kioo kwa mkono mtupu. Mafuta ya vidole yakibaki pale, moto ukipanda, balbu hupasuka. Mshonaji akakata kitambaa kipya cha pamba, akampa. Lakini nyuma ya taa ya gari lile hapakuwa na nafasi, na mtu asiyeona vizuri huona kwa vidole. Alipodhani mkewe hamtazami, Tisa alikiweka kitambaa juu ya betri, akaishika balbu kwa mkono wa kushoto, akaipapasa mpaka ikakaa. Kisha akatulia, mkono bado umo ndani, kama mtu anayesalimiana na mwenzake asiyetaka kumwachia.

"Nini?" mkewe akauliza.

"Hakuna. Imeshika."

Ilikuwa saa kumi alasiri. Wakafunga mlango wa gereji yao ili pawe giza wapate kuzipima taa. Gari lilitazama ukuta, umbali wa hatua tano, Tisa ndani awashe, mkewe ukutani aweke alama za chaki pale mwanga unapokomea. Taa zikawaka. Ikaja harufu ya nywele zinazoungua. Mshonaji alikuwa amejibana kwenye kona na chaki yake, na katikati ya ukuta kulikuwa na kivuli cha mtu.

"Toka mbele ya taa," Tisa akasema kutoka garini.

"Siko mbele ya taa."

Akazima. Jioni ile Tisa alirudi kutoka kazini akitabasamu hadi masikioni.

"Naona, mama. Naona mpaka kunguni wa jirani."

Kesho yake Tisa alipojilaza, mshonaji aliingia gereji peke yake na futi yake ya kushonea, akawasha, akapima. Kivuli kilikuwa kimeongezeka shibiri nzima. Siku ya tatu kichwa cha kivuli kilifika darini kikakunjika, na hapo ndipo futi ilipomponyoka, kwa sababu alikuwa ameshona miaka thelathini kando ya taa na alijua vizuri kwamba mkono ukisogezwa karibu na taa kivuli chake hukua, na kwamba kitu kile, kwa hiyo, hakikuwa kinaelekea ukutani. Kilikuwa kinalifuata gari.

Akamwambia mumewe, kwa sauti ya chini, wasisikie hata nzi.

"Turudishe zile za zamani, baba. Nakuomba."

"Nirudi kwenye upofu?" Tisa akanong'ona. "Leo nimesoma kibao cha barabarani kabla muuguzi hajakiona. Niache kidogo, mama. Kidogo tu."

Akamwacha. Alimwonea huruma, na huruma ndiyo iliyomponza.

Siku ya nne alikuwa akihangaika kutia uzi kwenye sindano, chumba kimeanza kuwa kiza. Mumewe akaichukua sindano bila kusema, akautia uzi mara moja, bila hata kuinama. Mshonaji akapokea, akashukuru, na alipokuwa akishukuru macho yake yakatua kwenye mkono wa kushoto uliomrudishia sindano, akahesabu, akahesabu tena. Vidole vitano.

Hakupiga kelele. Alisema uzi umemwishia, akatoka, akarudi na mganga, mzee mmoja mpole mwenye kikohozi. Mumewe hakubisha. Aliingia garini kwa utulivu kama mtu aliyealikwa, nao wakafunga mlango, akawasha.

Kivuli kilikuwa kimerudi kimo cha mtu, kimebanwa ukutani, na kilikuwa kinaupiga ukuta kwa kiganja cha kushoto, hakina sauti, kinapiga tu, kama aliyefungiwa. Kiganja kilikuwa na vidole vinne.

Mganga alitazama ukuta, akatazama garini.

"Mama, kazi yangu ni kumtoa jini ndani ya mtu," alisema polepole. "Sasa hapa niambie, mtu ni yupi?"

"Ni yule wa vidole vinne," mshonaji akajibu upesi, kabla hajafikiri. "Huyu mhesabu. Ana vitano."

Aliyekaa kwenye usukani akauinua mkono wake, akautazama, kama mtu aliyeambiwa shati lake lina kifungo cha ziada.

"Asante," akasema.

Balbu ya kushoto ikapasuka, na kabla mganga hajaufikia mlango ikapasuka ya kulia, giza likawaangukia pamoja na harufu ile ya nywele, na ndani ya giza hilo mshonaji akamsikia mumewe akimwita kutoka ukutani, na akamsikia mumewe akimwita kutoka garini, sauti ile ile, kikohozi kile kile cha Tisa cha kila asubuhi, wote wawili wakisema mama, sioni, nipe mkono.

"Usimpe mkono mtupu," mganga akanong'ona.

Mshonaji akakitoa mfukoni kile kitambaa cha pamba, alichokiokota juu ya betri siku ile, akauzungushia mkono wake wa kulia, akaunyoosha kuelekea ukutani. Mkono ukaushika, wa baridi. Akahesabu juu ya kitambaa. Vinne. Machozi yakamjaa. Lakini upande wa gari mkono mwingine ukampapasa bega, ukashuka mpaka kwenye kitambaa, wa baridi vilevile. Akahesabu.

Vinne.

Alisimama hapo muda mrefu, mikono yote miwili imemshika kwa upole. Mganga akaufungua mlango, akatoka. Nje nako magharibi ilikuwa imekwisha, hapakuwa na mwanga wa kumsaidia.

Mshonaji akauchomoa mkono wake, akakiacha kitambaa mikononi mwao. Akatoka, akafunga mlango.