Bwana Harusi wa Gazetini

"Opal, shoga yangu, hebu niambie. Nimechumbiwa lini?"

Nilikuwa na kitana mkononi, nusu ya nywele zake nimezikunja, nusu zinaning'inia. Verna Delacourt, mwigizaji aliyeifanya Hollywood nzima itafute gazeti kabla ya kahawa, alikuwa amelitandaza la asubuhi hiyo juu ya meza ya vipodozi.

"Mimi nitajuaje? Mwenye kidole ni wewe."

"Hata kidole hakina habari! Sikiliza: 'Verna Delacourt kuolewa na Rex Halloran.' Rex, mwigizaji mwenzangu! Mwanamume anayependa kioo namna ile si wa kuolewa naye, ni wa kuning'inizwa ukutani."

Mlango ukagongwa. Akaingia Wendell Prouty, miwani imemteleza puani, mkononi kashika kifurushi kidogo cha gazeti kuukuu. Huyu alikuwa mwandishi wa studio. Kwa desturi yetu pale, kila nyota alikuwa na mtu wa kuandika aliyoyasema, hata kama hakuyasema. Wenzake walihangaika kubuni maneno matamu. Wendell yeye alihangaika kupunguza makali. Wiki moja tu aliugua jino, waandishi wakamuuliza Verna kama anaogopa dhambi. Akawajibu, "Dhambi ndiyo inayoniogopa mimi. Ikiniona huvuka barabara." Yakachapwa vilevile, na akina mama wa makanisa nchi nzima wakaapa kutotazama picha zake za sinema.

"Wendell, upuuzi huu umeandika wewe?"

"Bosi kaniagiza. Anasema uchumba utawatuliza wale akina mama. Akampa Bi Stroud wa gazeti hilo habari awe wa kwanza kuitoa."

"Yaani Bi Stroud ajue uchumba wangu kabla yangu?"

"Si ndivyo siku zote, bibie?"

Hakusema uongo. Mjini kwetu mtu alisoma talaka yake gazetini kabla hajagombana na mumewe.

Verna akaendelea kusoma kwa sauti ya kejeli. "'Bwana harusi hakumletea maua, maana anajua Verna husema maua ni ya mgonjwa na maiti. Alimletea tango la siki, limefungwa kwenye gazeti. Anajua pia kwamba honi ya treni humliza, kwa kuwa baba yake alipanda treni siku moja asirudi tena...'"

Kejeli ikakatika. Akaliweka gazeti chini.

"Haya nilikwambia wewe, Wendell. Wewe peke yako."

"Najua."

"Umewauzia watu mpaka machozi yangu?"

Wendell akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena ikiwa chafu vilevile.

"Niliambiwa niandike mwanamume anayempenda Verna kwa dhati. Nimekaa kutwa nzima mbele ya mashine ya kupiga chapa, Rex hatoki. Mwanamume wa namna hiyo mimi namjua mmoja tu."

Jamani! Kitana kikanidondoka.

Simu ikalia, Verna akapokea. Alikuwa bosi Gruber, na sauti yake haikuhitaji simu.

"Saa kumi hotelini, waandishi wote watakuwepo! Umshike Rex mkono, utabasamu, ufunge mdomo!"

"Nikishindwa, bosi?"

"Mkataba nauchana, na picha yako mpya inaozea stoo!"

Akakata. Wendell akaweka kifurushi mezani taratibu.

"Nenda, bibie. Picha hiyo umeitolea jasho miezi saba. Mimi nitapona."

"Wendell..."

Keshatoka. Verna akafungua kifurushi. Tango la siki, kama kila siku ya Mungu miaka mitatu. Alikuwa akilipokea na kulitafuna bila kumtazama mletaji. Safari hii alilitazama mpaka nikamwonea huruma.

Kabla sijamaliza nywele, ikaja simu ya maandishi kutoka Scranton, kwa mama yake. Akaisoma mara mbili, akanipa. Ludka ndilo jina alilozaliwa nalo:

"LUDKA NIMESOMA. WA TANGO NAMTAKA. WA PICHANI SIMTAKI ANA MENO MENGI. MAMA."

Alicheka huku wanja unamtiririka. Nikampaka upya, mara tatu.

Saa kumi ukumbi umejaa. Rex kamshika Verna kiuno, anatabasamu kwa meno yote. Bosi yuko pembeni na biri lake. Wendell kajibanza nyuma kabisa na daftari. Bi Stroud, mwenye gazeti, kakaa mbele, kofia yake pana inawaziba watu watatu.

"Bwana Halloran," akauliza mwandishi mmoja, "siku ya kuposa ulimpelekea nini?"

"Mawaridi!" Rex akajibu bila kupepesa. "Mawaridi mekundu, mia moja!"

Waandishi wakatazamana. Masikini Rex, alitazama picha yake tu, habari yenyewe hakuisoma.

Bi Stroud akasimama, shingo imemvimba. "Gazeti langu limesema tango. Kwa hiyo mimi ni mwongo?"

Bosi akageuka rangi. Hapo ndipo Verna alipoutoa mkono wa Rex kiunoni mwake, taratibu, akafungua mkoba, akatoa tango.

"Bi Stroud hajakosea. Kila neno alilochapa ni kweli tupu. Ila studio ilimpa jina la bwana harusi siye." Akainua kidole. "Mwenyewe ni yule pale nyuma, mwenye miwani chafu."

Vichwa vyote vikageuka. Bi Stroud hakuchelewa: "Mimi nilijua tangu mwanzo!"

Waandishi wanawake wakaanza kujifuta machozi. Bosi akawatazama, akawakumbuka wale akina mama wa makanisa, akaona nao watatulia, akarudisha biri mdomoni.

"Wendell," Verna akaita. "Sijaulizwa bado."

"Bibie, nitafukuzwa kazi."

"Hilo si swali."

Akaja mbele, anakanyaga watu miguu. "Ludka, utakubali nikuoe?"

Jina hilo halikuwahi kutajwa pale. Verna akauma tango, labda ajizuie kulia.

"Ndiyo," akasema, mdomo umejaa.

"Bibie Verna!" mwandishi akapaza sauti. "Kwa nini yeye?"

Wendell akashika kalamu kwa mazoea, tayari kukata.

"Miaka mitatu naamka na maneno ya mwanamume huyu mdomoni," alisema Verna. "Sasa nataka niamke naye mwenyewe."

Bosi akafumba macho. Mimi nikamwangalia Wendell. Masikio yamemwiva, lakini aliandika yote, na kwa mara ya kwanza hakukata hata neno moja.