Kikombe cha Hani

Kikombe cha pili kilikuwa kitupu. Nuradin alikitazama, akainua birika kulipima uzito, akakitazama tena. Yeye alikuwa amekunywa chake tu, na mezani hapakuwa na mtu mwingine.

Ilikuwa Julai 1998, asubuhi yenye baridi ya kukata masikio, katika nyumba ya wageni ya Kalekye mjini Machakos. Nyumba yenyewe ilikuwa kuukuu, ya mawe, iliyojengwa na tajiri mmoja wa Kihindi enzi za mkoloni. Kalekye, mjane mwenye mdomo mwepesi, alikodisha vyumba vinne, kitanda pamoja na chai ya asubuhi. Kwa miaka kumi na tisa Nuradin, muuza mbuzi kutoka Kithimani, alikuwa akilala hapo kila mwezi, yeye na mkewe Hani. Safari hii alikuja peke yake. Hani alifariki mwezi wa tatu.

Vikombe viwili alivimiminia chai kwa mazoea. Mkono ulikuwa bado haujapata habari za msiba. Zamani kila mmoja wao alikisomea chake Bismillahi kabla ya kunywa, Nuradin kwa sauti nzito, Hani kwa kunong'ona. Asubuhi hiyo Nuradin alisoma yake, akanywa. Kikombe cha Hani hakikusomewa na mtu.

"Leo umekunywa zote mbili, mzee?" Kalekye alimtania alipokuja kutoa vyombo. "Hiyo kiu umetoa wapi?"

"Ni hii baridi, mama," Nuradin alidanganya.

Mtu mwenye akili zake angefunga mizigo saa ileile. Lakini mpweke ana akili gani? Kesho yake Nuradin alimimina viwili tena, halafu kwa makusudi akageuza uso dirishani. Akasikia fundo la kwanza, kisha la pili, taratibu, la mtu anayeogopa kuungua. Bangili ziligongana. Ikaja harufu ya uunsi, ule ubani ambao Hani alifukizia nguo zake, na chini yake harufu ya maziwa yaliyoungua. Aliogopa, na alifurahi pia, kwa nini tufiche. Tangu mazishi hakuna aliyeketi naye kula.

Siku ya soko la mbuzi ikaja, ikapita. Hakwenda.

Asubuhi ya tano alitaka kukumbuka kicheko cha Hani, akakikosa. Asubuhi ya saba, akiwa amefumba macho na kusikiliza yale mafundo, ambayo sasa yalikuwa ya haraka na ya uroho, alijaribu kuuleta mbele yake uso wa mkewe, akapata ukingo wa ushungi, akapata ncha ya kidevu, na katikati hapakuwa na kitu, na hapo ndipo hofu ilipomshika kwelikweli, kwa sababu Hani hakuwahi kukubali kupigwa picha maishani mwake, na uso ule haukuwa umebaki mahali popote duniani ila kichwani mwa mumewe.

Alimfuata Kalekye jikoni, akamwambia yote kwa kunong'ona. Kalekye, mtu wa kanisa kila Jumapili, hakubishana hata kidogo. Alijifunga leso akaenda msikitini kumwita Maalim Abdihakim.

Maalim alikinusa kikombe, akakirudisha mezani upesi.

"Chakula hakijasomewa Bismillahi, majini wanakula. Hii unajua tangu utoto, Nuradin."

"Najua, Maalim."

"Sasa huyu hanywi chai. Anakunywa mke wako, kidogo kidogo. Kesho mimina vikombe viwili, usomee vyote. Ataondoka."

"Na mimi nitabaki na nini?"

"Utabaki na ile Hani umebakisha kwa kichwa."

"Na hiki kiti cha Hani?"

"Kiti itakuwa kiti tu," Maalim alisema.

Kulipokucha, Kalekye alisimama kwenye mlango wa jikoni, midomo ikimcheza kwa sala. Nuradin alimimina. Alikisomea kikombe chake, kisha akasogeza mkono juu ya kile cha pili, na mvuke ukakoma kupanda, na kile kiti kilicho mbele yake kikalia kama kinavyolia mtu anapoketi vizuri, na uunsi ukajaa chumba kizima hadi Kalekye akaziba pua.

"Sema, mzee," Kalekye alinong'ona. "Sema sasa!"

Nuradin alifungua kinywa. Mkono wenye joto ukatua juu ya kifundo cha mkono wake, pale pale Hani alipozoea kumshika kumwambia angoje, chai bado ni moto. Nyumba ya Kithimani ikamjia, jiko lake lililozima na mkeka mmoja uliokunjwa. Alifunga kinywa.

Lilisikika fundo moja, refu, mpaka mwisho.

"Woi, mzee! Mbona umenyamaza?" Kalekye alikuwa analia. "Na Hani je?"

Nuradin alimgeukia kwa upole, kama mtu aliyeulizwa habari za jirani aliyehama zamani.

"Hani gani?" alisema, akainua birika akakijaza tena kikombe cha pili.