Mpira Uliotoka kwa Upana wa Kiganja

Kila Jumamosi asubuhi, kabla wachezaji hawajafika, Kiduchu alikuwa ndani ya ukumbi wa michezo wa chuo akipima mipira. Aliubonyeza kila mpira kwa kidole gumba. Ukibonyea sana aliuongezea upepo kwa pampu; ukikataa kubonyea aliutoa upepo kidogo. Mipira ilikuwa kumi na minane, na kazi hiyo aliipenda. Jina la Kiduchu alipewa na wachezaji, kwa kuwa alikuwa na miaka kumi na miwili lakini ukimtazama ungempa minane.

Kocha wa timu hiyo ya mpira wa wavu alikuwa mama yake. Nyumbani alimwita Mama, lakini akishavuka mlango wa ukumbi alimwita Kocha kama wengine. Siku moja alisahau, akaita "Mama!" katikati ya mazoezi. Wachezaji sita wakaitika kwa pamoja, "Naam, mwanangu!" Tangu hapo hakusahau tena.

Mama alikuwa ameifundisha timu hiyo miaka ishirini na minne. Alipoanza, ukumbi ulikuwa ghala la madawati mabovu, na wachezaji aliwaokoteza: mmoja kutoka riadha, wawili kutoka kwaya, na mpishi wa bweni mwenye mabega mapana. Msimu wa kwanza walifungwa michezo yote. Wa pili walifungwa michezo yote isipokuwa mmoja. Kufikia msimu wa sita walikuwa mabingwa, na sasa kabati la ofisi ya mkuu wa chuo lilikuwa na vikombe tisa.

Vingekuwa kumi, kama si sheria ya Mama. Mchezaji wake akiguswa na mpira kabla haujatoka nje, na mwamuzi asione, lazima ainue mkono na kusema, "Umenigusa." Miaka kumi iliyopita, katika fainali, nahodha wake aliinua mkono kwenye pointi ya mwisho, na kikombe kikaenda kwa wengine. Nahodha huyo alikuwa mrefu kupita kiasi, wenzake wakimwita Ngazi. Watu walimlaumu Mama wiki nzima. Mama alimnunulia Ngazi viatu vipya.

Msimu huu ulikuwa wake wa mwisho. Chuo kilikuwa kimempandisha Mama cheo na kumhamishia ofisini, kusimamia michezo yote. "Kiti kinazunguka," Baba alimtania, "lakini mpira humo hakuna." Mama hakucheka. Tangu apate barua ya cheo hicho alikuwa anatembea kama mtu aliyelala macho wazi. Alikula, akafundisha, akalala. Ukimuuliza kitu alijibu, ila jibu lilichelewa. Nyumba nzima ikawa vivyo hivyo, na Kiduchu naye akazoea kutohisi chochote hasa.

Asubuhi ya mchezo wa mwisho, kwenye chai, Baba alisema, "Ukishinda leo ni ushindi wa mia tatu. Chuo kimeshachapisha bango."

"Nimeliona," Mama alijibu. Kisha akaongeza, "Na Ngazi akishindwa leo, unga wake umemwagika. Chuo chake kimemwambia wazi."

Maana wapinzani wa siku hiyo walifundishwa na Ngazi, nahodha yule yule wa zamani.

Ukumbi ulijaa pomoni. Lakini dakika kumi kabla ya kuanza, mwamuzi mmoja wa mstari alikuwa hajafika. Kazi yake ni kusimama kwenye kona na kuonyesha kwa kibendera: kikielekezwa chini, mpira umeanguka ndani, kikiinuliwa juu, umetoka nje. Mwamuzi mkuu akatazama huku na huku. Kiduchu alikuwa ameshashika kibendera mara nyingi kwenye mechi za mazoezi, na sheria alizijua vizuri kuliko baadhi ya wachezaji.

"Mpeni Kiduchu," Ngazi alisema.

"Huyu ni mtoto wa mpinzani wako," mwamuzi alimkumbusha.

"Ndiyo sababu namtaka. Mtoto wa nyumba ile hadanganyi."

Kiduchu akamsalimia, "Shikamoo, Anti."

"Marahaba, mwanangu. Kaza macho."

Mchezo ulikwenda hadi seti ya tano. Timu ya Mama ilifika pointi kumi na nne, ya Ngazi kumi na tatu. Ilibaki moja tu. Mchezaji wa Mama akaruka na kuupiga mpira kwa nguvu zote. Wazuiaji walimziba mwamuzi mkuu, hakuona ulipoangukia. Kiduchu aliona. Ulianguka mbele ya miguu yake, nje ya mstari kwa upana wa kiganja, na haukumgusa mtu.

Akaelekeza kibendera chini.

Hakupanga. Mkono ulishuka tu, naye akautazama kama mkono wa mtu mwingine. Filimbi ikalia na ukumbi ukalipuka kwa vifijo. Wachezaji wa Ngazi walimzonga mwamuzi wakipiga kelele, lakini Ngazi aliwarudisha kwenye benchi. "Mtoto amesema ni ndani," aliwaambia. "Basi ni ndani."

Kiduchu alisimama pale konani akisubiri kuogopa. Hofu haikuja. Bango lilitundikwa, keki ikakatwa, mkuu wa chuo akahutubia mpaka soda zikapata moto. Alipewa kipande cha keki akakitafuna bila kuonja kitu. Mama alipigwa picha na kila mtu, na katika picha zote alikuwa na uso ule ule.

Jumapili ilipita. Jumatatu Kiduchu alikwenda shule, akapata hesabu zote, akarudi. Jumanne alasiri alikuwa anaosha vyombo simu ya Mama ilipolia. Mama aliongea kidogo, akasikiliza sana, akasema, "Pole, mwanangu. Pole sana."

"Ni nani?" Kiduchu aliuliza.

"Ngazi. Wamempa barua ya kuondoka. Mwisho wa mwezi."

Kiduchu aliendelea kusugua sufuria. Alijichunguza ndani kama mtu anayebonyeza jino kwa ulimi kuona kama linauma. Hakuna kilichouma. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, aliogopa. Aliogopa kwamba ataendelea hivi maisha yake yote, akisugua sufuria huku mtu anafukuzwa kazi kwa sababu yake, na asijisikie vibaya.

"Mama," alisema. "Mpira ule ulitoka nje."

Mama hakuuliza mpira upi. Alifuta mikono iliyokuwa mikavu. "Kwa kiasi gani?"

"Upana wa kiganja."

"Uliona vizuri?"

"Niliona vizuri."

Alitarajia makofi, au angalau kelele. Mama alivuta kiti akaketi, akakaa hivyo mpaka birika likaanza kuchemka na kumwagika. Kisha alibonyeza namba na kumpa Kiduchu simu. "Mwambie mwenyewe. Usimung'unye maneno."

Kiduchu alifuta povu mikononi akaipokea. "Anti, shikamoo. Ule mpira wa mwisho ulikuwa nje. Niliuona, nikasema uongo. Nilitaka Mama afikishe mia tatu. Naomba unisamehe."

Upande wa pili Ngazi akashusha pumzi. "Na mimi niliuona uko nje," alisema taratibu. "Lakini nilipokuona umeshusha kibendera, nikajiambia macho yangu yameanza kuharibika. Jana nimekwenda kwa daktari wa macho, mwanangu. Nikaambiwa ni mazima."

Mama akachukua simu.

Kesho yake Mama alimpeleka kwa katibu wa ligi, mzee mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani. Kiduchu alirudia kila kitu akiwa amesimama. Katibu alikuna kichwa mpaka ile ya pili ikaanguka.

"Kocha, umeshapongezwa. Bango limeshatundikwa. Una hakika unalitaka jambo hili?"

"Sina hamu nalo hata kidogo," Mama alisema. "Andika."

Katibu akaandika, na barua ikapelekwa kwa vyuo vyote viwili. Iliamuliwa seti irudiwe kuanzia pale ilipoharibika, kumi na nne kwa kumi na nne, kwa kuwa mpira uliotoka ulikuwa pointi ya Ngazi, na atakayetangulia kwa pointi mbili ndiye mshindi, katika ukumbi wa Ngazi. Chuo cha Ngazi nacho kikaizuia barua yake ya kuondoka mpaka matokeo yajulikane. Timu ya Mama ilisafiri saa tatu kwa basi kwenda kucheza pointi chache. Wachezaji walijua sababu. Hakuna aliyemtania Kiduchu njia nzima, na hilo lilikuwa zito kuliko matusi. Nahodha peke yake alimsogezea chupa ya maji.

Mchezo ulichukua dakika mbili. Mpira wa kwanza, pointi ya Ngazi. Wa pili ulipigwa huku na huku mpaka watu wakasimama, ukagonga wavu upande wa Mama, ukaanguka upande huo huo. Kumi na sita kwa kumi na nne. Ngazi alikuwa ameshinda, na kazi yake ilikuwa imepona. Alivuka uwanja, akainama sana na kumkumbatia Mama, na Mama akacheka kicheko ambacho nyumbani hakikuwa kimesikika tangu barua ya ofisi ifike.

Kiduchu alitoka nje akaketi kwenye ngazi za ukumbi. Hapo akalia kwa sauti, makamasi na machozi pamoja. Mama alimkuta hapo, akakaa kando yake.

"Nimekuharibia," Kiduchu alisema. "Umemaliza na mia mbili tisini na tisa."

"Na zote ni zangu," Mama alisema. "Ile nyingine hata ningeandikiwa ukutani isingekuwa yangu. Sikiliza, mwanangu. Wachezaji wengi wamepita mikononi mwangu. Walioniogopesha si waliodanganya na kutetemeka, maana wale hurudi wakasema. Walioniogopesha ni waliodanganya na kulala usingizi. Uongo usipokuuma siku ya kwanza, wa pili unakuwa mwepesi zaidi, na anayelipa ni mtu mwingine aliyekuamini. Ukweli ulichelewa siku tatu, Ngazi akapata barua. Ungechelewa mwezi, angekuwa ameshaondoka. Wewe ulikuwa umekufa ganzi, lakini ukasema. Sasa unajisikiaje?"

"Inauma."

"Wapi?"

Kiduchu aligusa kifua, kisha tumbo, kisha akashindwa kuchagua.

"Vizuri," Mama alisema, akamfuta pua kwa pindo la fulana yake mwenyewe. "Iache iume."

Wakakaa pale mpaka dereva wa basi alipopiga honi mara ya tatu.