Kengele Iliyozimwa

Daktari Ng'ang'a alikutwa amekufa kwenye kiti chake katika maabara yake ya utafiti wa mafuta ya petroli, nje kidogo ya Eldoret. Mtu alikuwa amemfunika shuka na kuikunjia chini ya mabega, kama anavyofunikwa mtoto. Mlango na dirisha vilikuwa wazi, na asubuhi ile baridi ilikuwa kali.

"Ni wewe umemfunika, Mzee?" Inspekta Chepkoech akauliza.

"Hapana, madam. Nimemkuta hivyo," akasema Kipkirui, mlinzi. "Na hilo dirisha jana alilifunga mwenyewe. Alikuwa mtu wa kuogopa baridi."

Daktari wa polisi hakuona jeraha. Marehemu alikosa hewa. Mtungi wa gesi ya kabonidioksidi ulikuwa umevuja taratibu.

Juu ya mlango palikuwa na kengele ya kutambua gesi. Chepkoech akaijaribu. Ikalia hadi Kipkirui akaziba masikio.

"Usiku ililia hivi?"

"Hata kidogo! Wiki jana ililia, nikamwaga chai yangu yote."

Waya zake zilikuwa zimeunganishwa upya. Mchana majibu ya uchunguzi yakaja: alama za vidole kwenye waya zilikuwa za Idil, mwanafunzi wa utafiti wa marehemu. Shuka pia ilikuwa yake.

Akaletwa pale maabarani. Chepkoech akampa maji kwanza.

"Ulizima kengele?"

"Ndiyo, afande."

"Kwa nini?"

"Kila ikilia inafunga gesi, na jaribio linaharibika. Jiwe letu la chokaa lina nyufa. Ukisukuma maji, yanapita kwenye nyufa tu, mafuta yanabaki ndani ya jiwe. Gesi inaweza kuyatoa, lakini lazima ikae, iingie polepole. Na mradi unafungwa Ijumaa."

"Ulijua mtungi unavuja?"

"Nilijua. Lakini mimi ndiye ningekaa hapo, dirisha likiwa wazi."

"Mbona hukukaa?"

Idil akaiweka bilauri mezani.

"Aliniona nimechoka. Akaniambia, 'Nenda ulale, binti yangu, nitakuangalizia.' Sikumwambia kuhusu kengele. Angesimamisha kila kitu."

"Na asubuhi?"

"Nilifungua mlango na dirisha, nikamwita. Alikuwa baridi, nikamfunika. Halafu nikaogopa, nikarudisha waya, nikaondoka."

Kipkirui akavua kofia, akageukia ukuta.

Chepkoech akatoa pingu, akasita.

"Afande," Idil akanong'ona, "mafuta yalitoka?"

Inspekta akainama chini ya mtambo wa jaribio. Kwenye mrija wa kioo, chini ya jiwe, mafuta meusi yalikuwa yamefika kimo cha kidole.

"Yametoka."

Idil akanyoosha mikono yote miwili.