Ua la Mama Lajwanti

Zamani zile Edah akishona nguo Kitale, cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka la vitambaa la Mama Lajwanti. Kila saa nne asubuhi mwenye duka alimletea chai ya tangawizi. Wakianza kucheka, hata wanunuzi walisahau walichokuja kununua. Lakini siku hazigandi. Mwaka wa 1988 Mama Lajwanti alihamia Kisumu, naye Edah akarudi kwao Bungoma. Walipoagana, Mama Lajwanti alimpa ua lake la ndani, lililopandwa kwenye kopo, lenye majani mekundu, manjano na kijani.

"Chunga hii kama mtoto yako," alisema.

Edah alilishika neno hilo barabara. Aliliweka ua kwenye meza ya kona, juu ya kitambaa alichofuma mwenyewe. Alifunga mapazia ili jua lisilichome. Alilinywesha asubuhi na jioni. Na kila Jumapili, akishampaka binti yake Jentrix mafuta ya kwenda kanisani, aliyapaka pia majani ya ua. Nani atamtoa mtoto mbele ya watu na ngozi kavu?

Juni mwaka uliofuata ilikuja barua. Mama Lajwanti angekuja kuwatembelea Desemba. Edah alisoma, kisha akalitazama ua. Yalibaki majani manne, nayo yamefifia. Alikaa chini akalia. Ua hilo ndilo pekee lililombakia la baraza ile ya Kitale.

Jentrix alikimbia kumwita jirani yao, Mzee Mukhisa, aliyefanya kazi kwenye kitalu cha miche. Mzee aligusa jani, akanusa kidole chake.

"Mama Jentrix, hii maua unapaka mafuta?"

"Si niliambiwa niichunge kama mtoto?"

Mzee alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Mtoto ako na pua. Hii inapumua na majani, na wewe umeyaziba."

Akaliinua kopo. Halikuwa na tundu hata moja, na udongo ulinuka uvundo. "Maji imekosa pa kutokea, mizizi inaoza. Tena hapa ni giza. Hii ni krotoni, bana. Rangi yake inatoka kwa mwangaza."

"Basi imekufa?"

Mzee alikwaruza shina kwa ukucha. Ndani palikuwa kijani kibichi.

"Bado iko," alisema.

Alitoboa kopo kwa msumari. Alikata mizizi iliyooza, akaweka udongo mpya wenye mchanga kidogo. Ncha ya ua aliikata akaipanda katika kopo la pili.

"Weka karibu na dirisha," alimwambia Edah. "Ingiza kidole kwa udongo. Ikikauka juu, ndiyo unapatia maji. Majani pangusa na maji safi tu. Na ukikata, nawa mikono, utomvu wake unawasha. Watoto wasiitafune."

Edah alifungua mapazia. Vitambaa vya makochi vilipauka kidogo, akavumilia. Septemba majani mapya yalichipuka katika makopo yote mawili. Kufikia Desemba rangi zote zilikuwa zimerudi.

Mama Lajwanti alipoingia alisahau hata kusalimu. Alisimama dirishani, machozi yakimlengalenga.

"Mimi Kisumu napanda, yote nakufa," alisema. "Na kila siku mimi napaka majani mafuta ya nazi, iwe nang'aa."

Edah alicheka kama walivyocheka barazani. Kisha akamletea lile kopo la pili, lenye matundu chini.

"Chunga hii kama maua, Mama Lajwanti," alisema. "Si kama mtoto."