Wembe Mjane

Asubuhi moja mke wa fundi aliuinua wembe ili afute vumbi chini yake, akaukuta una joto, kama kitu kilichotoka mfukoni mwa mtu. Akaurudisha mezani polepole, akasema bismillahi.

Mumewe alikuwa fundi wa nyembe kuukuu za kukunja. Watu walimletea za babu zao kwenye chumba cha mbele, naye akawaambia umri wa kila wembe. Mpini hakuuamini, maana mpini hubadilishwa; alitazama chuma. Wembe mnene kama kabari, wenye mkia mfupi, usiopigwa mhuri wa nchi yoyote, huo ni mkongwe. Uliochongwa mbavuni ukawa mwembamba, wenye mkia mrefu, huo umezaliwa juzi. Wembe uliopoteza mpini aliuita mjane, na kuutia mpini mpya, kwake, ni kuuozesha.

Huu aliouinua mkewe ulikuja mjane, mkongwe kuliko wote aliowahi kushika. Akauchongea mpini wa pembe kwa mkono wake, akagonga pini ya mwisho, akacheka.

"Haya bibie, nimekuoa."

Mkewe naye akacheka. "Karibu mke mwenzangu. Leo zamu yako kuosha vyombo."

Tangu hapo fundi hakutaka kuuuza. Kila mteja aliambiwa bado haujakamilika. Mashati yake yakaanza kunukia marashi ambayo mkewe hakuwa nayo, na alipoulizwa alisema ni mafuta ya kunolea. Mkewe akashikwa na wivu wa kawaida tu, akapekua mifuko, akanusa kola, akimtafuta mwanamke wa mtaani.

Mpaka adhuhuri moja, akipeleka chai, akasikia kutoka chumba cha mbele mwanamke akicheka chini chini, na mumewe akimbembeleza kwa maneno yale yale aliyombembelezea yeye mwaka wa harusi yao, akausukuma mlango, akamkuta mumewe peke yake kitini, macho yamelegea, na wembe umefunguka shavuni pake bila mkono wowote kuushika, ukipanda na kushuka taratibu, kama kiganja cha mke anayejua kwamba uso ule ni wake na hatagawana na mtu.

Mwalimu wa msikitini alikuja alasiri ile ile. Akasimuliwa yote, hata ule mzaha.

"Kwako ulikuwa mzaha," alimwambia fundi kwa sauti ya chini. "Yeye aliyemo ndani ya wembe ameipokea ndoa. Umemwoa kwa ulimi, mwache kwa ulimi. Ila utazame wembe unapotamka. Talaka humwangukia anayeambiwa."

Fundi akakubali huku machozi yakimtoka, maana alimpenda mkewe, na hilo hata mwalimu aliliona. Mkewe akasimama mlangoni. Mwalimu akasoma, akasoma, hadi meza ikaanza kutetemeka na marashi yakajaa chumbani hata pumzi zikawa nzito, na fundi akafungua mdomo, midomo ikacheza, sauti isitoke.

"Sema, mume wangu," mkewe alinong'ona. "Sema tupumzike."

Shingo ya fundi ikageuka kidogo kidogo, kama ya mtu aliyeshikwa kidevu na kinyozi, ikauacha wembe, ikavuka chumba, mpaka macho yake yakatua juu ya mkewe.

"Nimekuacha," akasema. Akarudia. Akarudia tena.

Mwalimu alimrukia kumziba mdomo, lakini neno la tatu lilikuwa limeshatoka.